Fyuzi na Sikio

Miongoni mwa wapenzi wa muziki wa majumbani, wale wanaokaa kitako mbele ya spika mbili kama wanafunzi mbele ya mwalimu wao, upo ubishi uliodumu miaka mingi na usioonesha dalili ya kwisha. Ubishi wenyewe ni wa kitu kidogo, kisichozidi sana pingili moja ya kidole, nacho ni fyuzi. Wapo wasemao kwamba fyuzi ya kawaida, ile inayouzwa dukani kwa bei ya vikombe viwili vya kahawa, huukaba muziki koo. Na kwamba ukiitoa na kutia mahali pake fyuzi ya fedha au dhahabu, sauti hukunjuka na waimbaji husogea mbele. Wapo na wasemao kwamba huo ni uzushi mtupu, biashara ya kuwauzia watu upepo. HiFi-Tuning ya Ujerumani, Furutech ya Japani na Synergistic Research ya Marekani ni baadhi ya majina yanayotajwa sana katika soko hili. Fyuzi za namna hii aghalabu huwa na vifuniko vilivyopakwa dhahabu au rodiamu. Baadhi huelezwa kuwa zimetiwa katika baridi kali mno kabla ya kuuzwa, na baadhi zimechorwa mshale wa kumwonesha mnunuzi upande upi utangulie. Bei ya kipande kimoja yaweza kuwa makumi ya dola, na kwa zile za daraja la juu huvuka mia.

Msomaji wa visiwani aweza kucheka, akauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu. Watu wa mwambao ni watu wa kusikiliza. Nadi Ikhwan Safaa iliasisiwa Unguja mwaka 1905; Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri; na tangu kaseti, iliyozinduliwa na Philips mwaka 1963, ilipozagaa majumbani, ikawa nadra harusi ya maana kwisha bila ya mtu mmoja kuketi pembeni na redio kaseti yake, kidole kimoja juu ya vitufe viwili. Ndani ya makabati ya Mji Mkongwe, Mombasa, Lamu na Maskati zimo sauti ambazo hazimo katika ghala lolote la taifa. Anayezisikiliza hasikilizi muziki tu, bali anamsikiliza mtu wake. Na mtu kama huyo akiambiwa kwamba kwa dola mia na kitu ataweza kumsikia marehemu wake vizuri zaidi, atazitafuta dola hizo, au watazitafuta wanawe.

Ndivyo ilivyomfika mwalimu mmoja mstaafu wa Malindi, Unguja, ambaye mtaa mzima humwita Maalim, na jina hilo latosha. Anayo amplifaya ya Kijapani iliyoletwa kutoka Dubai katika miaka ya 1980, dekki ya kaseti ya umri huohuo, na spika mbili za mbao ambazo mkewe hakuzipenda hata siku moja. Anayo pia kaseti moja ya mwaka 1979, ambamo mama yake anaimba na wanawake wenzake katika harusi ya jamaa. Mama alikwisha kufariki. Picha zake ni mbili tu, na katika zote amegeuza uso. Sauti ndiyo iliyobaki. Lakini miaka ya karibuni Maalim aliona sauti ile imebadilika: imekuwa nzito, imelegea, yumkini ya mama na yumkini si yake. Akamweleza mwanawe aliyeko Maskati. Kijana naye akauliza wajuzi wa huko, akaambiwa dawa ni fyuzi. Akanunua mbili za dhahabu na kumpa msafiri wa ndege.

Kabla ya kusema zilikoishia fyuzi hizo, ni vyema kukieleza kitu chenyewe, maana wengi hubishana juu yake bila ya kukisoma.

Fyuzi ni waya mwembamba uliotegwa njiani makusudi uwe dhaifu kuliko waya nyingine zote. Mkondo wa umeme ukizidi kiasi, waya huo hupata moto, huyeyuka, na njia hukatika kabla ya transfoma au nyumba kushika moto. Fikra ni kongwe. Louis Breguet wa Ufaransa alipendekeza mwaka 1847 waya zilizopunguzwa unene ili kuzilinda stesheni za telegrafu dhidi ya radi, na Thomas Edison alipata hataza ya fyuzi mwaka 1890 katika mpango wake wa kusambaza umeme mijini. Tangu hapo kilichobadilika ni vazi: kioo, kauri, mchanga safi wa kuzima cheche. Kiini ni kilekile.

Vazi hilo lina maandishi, nayo ni mafupi kuliko kibwagizo. Chukua mfano wa fyuzi iliyoandikwa T2AH 250V. Ampea 2 ni mkondo uliokadiriwa, na volti 250 ni kikomo ambacho fyuzi haifai kuvushwa. Herufi T imetoka katika neno la Kijerumani träge, lenye maana ya mzito au mvivu. Ndugu yake ni F, kutoka flink, yaani mwepesi. Mfasiri angeweza kuziita fyuzi ya subira na fyuzi ya hasira, na asingekosea sana. Ile ya hasira, ikipitishiwa mkondo mara kumi ya kadirio lake, hukatika kabla ya sehemu 20 za elfu za sekunde kupita. Ile ya subira huweza kustahimili hadi sehemu 300. Subira hiyo si anasa. Amplifaya yenye transfoma kubwa, hasa ya umbo la pete, humeza mkondo mwingi mno katika kitambo kile cha kuwashwa, kisha hutulia. Ukiitilia fyuzi ya hasira itakatika kila jioni bila ya kosa lolote, na hapo ndipo mwenye chombo huchoka, akaanza kutafuta njia za mkato.

Herufi ya mwisho ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. L ni uwezo mdogo wa kukata: ampea 35, au mara kumi ya kadirio, lililo kubwa kati ya hayo mawili. H ni uwezo mkubwa: ampea 1,500. Maana yake ni kwamba pakitokea shoti kubwa, fyuzi ya kioo yenye L yaweza kuyeyuka na bado umeme ukaendelea kuruka ndani yake kwa cheche, au kioo kikapasuka. Ile ya H, ambayo aghalabu ni ya kauri na imejazwa mchanga, huizima cheche pale pale. Mtu anayetaka kweli fyuzi bora kuliko aliyonayo, na mtambo wake ukaruhusu, basi hapa ndipo pa kuanzia: kutoka kioo kwenda kauri, kutoka L kwenda H, ukubwa uleule wa milimita 5 kwa 20, ampea zilezile, herufi ya mwanzo ileile. Gharama ya uboreshaji huo haifiki bei ya samaki.

Kuna mtego mwingine unaowahusu hasa watu wa huku, ambao vyombo vyao vimetoka pande zote za dunia. Marekani hupima fyuzi kwa kanuni zake na Ulaya kwa zake. Fyuzi ya Kimarekani hutakiwa ikatike ndani ya saa moja mkondo ukifika asilimia 135 ya kadirio. Ile ya kanuni za kimataifa hutakiwa istahimili asilimia 150 kwa muda wa saa moja, na ya aina ya T yenye L ikatike ndani ya dakika mbili mkondo ukifika asilimia 210. Kwa hivyo fyuzi mbili zenye tarakimu ileile si lazima ziwe na tabia ileile. Tena chombo kilichokuwa kikitumia volti 120, transfoma yake ikibadilishwa ipokee 240, huhitaji nusu tu ya mkondo wa awali. Fyuzi iliyokuwa ya ampea 4 sharti iwe ya 2. Mafundi wengi hubadilisha nyaya za transfoma na kuisahau fyuzi, na chombo hubaki kinafanya kazi vizuri, bila ya mlinzi.

Sasa turudi Malindi. Maalim alimwita fundi kijana mwenye kibanda chake upande wa Darajani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Kuna amana imetoka Maskati, nataka unitilie humu."

Fundi aliitoa plagi ukutani, akafungua kifuniko, akasubiri kapasita zitulie, akachungulia kwa tochi. Kisha akakaa kimya kidogo kama mtu anayetafuta njia ya kusema neno mbele ya mkubwa wake.

"Maalim, humu hamna fyuzi. Humu mna waya."

Ilikuwa kweli. Fyuzi ya asili ilikwisha kukatika zamani, na fundi aliyetangulia alikuwa ameizungushia uzi mmoja wa shaba kutoka ncha hadi ncha. Maalim alikumbuka ilikuwa lini. Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima tangu Mei 2008, na ikarudi gizani tena kwa miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya umeme utokao bara kwa waya wa chini ya bahari. Miezi hiyo watu waliishi kwa jenereta, na jenereta ndogo zina kiburi: leo volti 190, kesho 260. Amplifaya ilikuwa ikikata fyuzi mara kwa mara. Waya wa shaba ulikomesha usumbufu.

Uzi wa shaba wenye unene wa sehemu mbili za kumi za milimita huyeyuka kwa takriban ampea 7. Kanuni ya hesabu hiyo iliwekwa na William Preece, mhandisi wa Posta ya Uingereza, katika karne ya 19, na mpaka leo hutumika. Kwa hivyo mtambo uliopaswa kulindwa kwa ampea 2 ulikuwa umeachiwa mara tatu na zaidi. Transfoma inayoungua taratibu haihitaji ampea 7. Huweza kuvuta 4 au 5 kwa saa nzima, ikapata moto, ikatoa moshi, na juu yake pana kabati la mbao, na juu ya kabati dari ya boriti za mikoko iliyokauka tangu enzi za masultani. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Nyumba zake zinapakana ukuta kwa ukuta. Moto wa Maalim usingekuwa wa Maalim peke yake.

"Nani alotia hii?" aliuliza Maalim.

"Maalim unamjua. Mimi simtaji."

Hapo ndipo zilipotolewa zile mbili za dhahabu. Moja ilikuwa ya ampea 2, aina ya subira. Ya pili ilikuwa ya ampea 3.15, na pamoja nayo karatasi iliyonukuu ushauri wa muuzaji: fyuzi za namna hii huweza kukatika kwa urahisi, basi ni heri kupanda daraja moja au mbili. Fundi aliikataa hii ya pili papo hapo. Ushauri huo umeenea katika soko la fyuzi za anasa, na hauna udhuru. Kama fyuzi ya kadirio sahihi inakatika katika mtambo mzima, basi ama si ya aina inayotakiwa, ama haikutengenezwa sawasawa. Kupandisha ampea ili isikatike ni kumlipa mlinzi mshahara zaidi ili alale.

Ya ampea 2 je? Fundi aliigeuza geuza. Jina la kampuni lilikuwapo, mshale ulikuwapo, lakini alama za taasisi za upimaji, zile za VDE au UL ambazo fyuzi ya kawaida ya kiwandani huzivaa kama mhuri wa forodhani, hazikuwapo; wala H wala L. Hata hivyo hakutaka kuikataa amana ya mtoto kwa baba kwa neno la alama tu. Maalim naye alikuwa na shauku. Wakakubaliana waipime.

Kabla ya kusimulia kipimo, hesabu. Fyuzi ya namna hii ina ukinzani mdogo. Tuseme sehemu tano za mia za omu. Amplifaya ikivuta nusu ampea, fyuzi itakula volti 0.025 kati ya 230, yaani sehemu moja kati ya elfu tisa hivi. Ni kweli kwamba mkondo hauingii kwa utulivu bali kwa mikupuo, na kilele cha mkupuo chaweza kuwa mara kadhaa ya wastani. Zidisha mara tano ukipenda, bado unahesabu sehemu za kumi za volti. Wakati huohuo umeme wa mtaani wenyewe hupanda na kushuka kwa volti nyingi kati ya magharibi na saa nne za usiku, majirani wanapowasha feni na pasi. Tena umeme huo hauendi moja kwa moja kwenye wimbo. Hupita transfoma, ukapita daiodi, ukawekwa akiba ndani ya kapasita kubwa, na muziki hunywa katika mtungi huo, si katika bomba. Ikiwa fyuzi mpya imeokoa nusu ya volti 0.025, basi imeongeza tone moja katika kisima.

Na mshale? Umeme wa nyumbani ni mkondo geu wa hezi 50, maana yake hubadili mwelekeo mara 100 kila sekunde. Mshale utakuwa sahihi nusu ya muda na kinyume nusu ya muda, vyovyote ulivyoitia fyuzi. Kuhusu madini, fedha hupitisha umeme kuliko shaba kwa asilimia 6 hivi tu, na waya za fedha zimo katika fyuzi nyingi za kawaida, bila ya kutangazwa. Dhahabu hupitisha kidogo kuliko shaba. Fadhila yake ni kwamba haishiki kutu, na fadhila hiyo si ndogo kwa mtu anayeishi hatua chache kutoka forodhani, ambako upepo wa kaskazi huleta chumvi hadi chumbani.

Chumvi hiyo ndiyo siri ya miujiza mingi inayosimuliwa. Vibano vinavyoishika fyuzi huota kutu nyembamba, ikaonekana tu kama weusi. Mtu anapoing'oa fyuzi ya miaka ishirini na kusukuma mpya, anakwangua kutu ile kwa nguvu ya mkono wake bila ya kujua. Mguso unakuwa safi. Kama kulikuwa na mkwaruzo au mngurumo uliotokana na mguso mbovu, utaondoka, na sifa zote itapewa dhahabu. Angeitoa ileile ya zamani, akafuta vibano kwa spiriti, akairudisha, angepata yaleyale kwa gharama ya kipande cha pamba.

Isidhaniwe kwamba fyuzi haiwezi kamwe kuigusa sauti. Ipo sehemu moja inayoigusa, nayo si ile ya ukutani. Baadhi ya mitambo huwekewa fyuzi katika njia ya spika yenyewe, ambako muziki hupita mzimamzima. Hapo, ngoma nzito inapopiga, waya mwembamba hupata moto, inaponyamaza, hupoa, na ukinzani wake hupanda na kushuka pamoja na mapigo. Douglas Self wa Uingereza, ambaye vitabu vyake vya amplifaya vinasomwa na wahandisi wengi, aliupima upotoshaji huo na kuonesha kwamba huongezeka kadiri mlio unavyokuwa wa chini. Dawa yake si fyuzi ghali. Dawa ni mchoro mwingine, ambamo spika hulindwa kwa swichi ya umeme iitwayo rilei. Ajabu ni kwamba watetezi wa fyuzi za dhahabu hawaitaji sana sehemu hii, ambako vipimo vingewapa angalau nusu ya hoja.

Kipimo cha Malindi kilikuwa hivi. Fundi alileta fyuzi ya kawaida ya kauri, T2AH, akasafisha vibano kwanza ili asipewe sifa asiye wake. Maalim aliketi akitazama ukuta. Mjukuu wake alirusha sarafu kwa kila duru, akamwonesha fundi matokeo bila ya neno, na fundi akatia ya dhahabu au ya kauri ipasavyo, kila mara plagi ikiwa imeng'olewa. Ili asije akajisaliti kwa sura, baada ya kila duru fundi alitoka ukumbini. Waliitumia kanda ya taarab anayoijua Maalim kuliko anavyozijua barua zake. Duru 12. Alipatia 7.

Saba ni zaidi ya nusu, na Maalim aliona ameshinda. Lakini mtu asiyesikia kitu chochote, anayebahatisha tu, hupata saba au zaidi katika duru 12 takriban mara 39 kati ya mia. Tangu mwaka 1982, David Clark alipochapisha katika jarida la Audio Engineering Society maelezo ya chombo cha kulinganisha vifaa bila ya msikilizaji wala msimamizi kujua kipi kinachosikika, jambo hili limekuwa msingi wa kipimo chochote cha haki. Kwa upande mwingine ni insafu kusema kwamba kipimo cha Malindi kilikuwa na ulemavu wake. Kila badiliko lilichukua dakika tano, na sikio husahau upesi. Tofauti ndogo sana ingeweza kupotea katika kusubiri. Duru 12 haziwezi kuthibitisha kwamba tofauti haipo. Zilichoonesha ni kwamba kile Maalim alichokisikia kwa yakini jioni ya kwanza, alipoijua fyuzi iliyomo, hakikusikika kwa yakini hiyo alipokuwa haijui.

Alipoambiwa, hakukasirika. Alisema tu kwamba jioni ile ya kwanza mwanawe alikuwa amepiga simu kutoka Maskati muda mchache kabla.

Fyuzi ya kauri ikabaki ndani ya mtambo. Fundi akapendekeza pia stebilaiza, kwa kuwa fyuzi hukata mkondo uliozidi lakini haizuii volti iliyozidi. Mambo hayo mawili huchanganywa sana, na ndiyo sababu watu wengi walipoteza friji zao umeme uliporudi huku fyuzi zao zikiwa salama. Zile mbili za dhahabu zilirudishwa katika kisanduku chao chenye kitambaa cha mahameli. Maalim huwaonesha wageni.

Ilibaki sauti ya mama. Fundi aliiomba kaseti, akaisikiliza kwa dakika moja tu, akauliza kama dekki imewahi kufunguliwa. Haikuwahi. Ndani yake mkanda wa mpira unaozungusha gurudumu ulikuwa umerefuka na kulegea kwa umri, ukiteleza. Kanda ya kaseti hutakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Ikipungua kasi kwa asilimia 6 hivi, kila sauti hushuka nusu toni; mwanamke wa miaka thelathini huimba kama wa hamsini, na mkanda ukiteleza kwa vipindi, sauti huyumba kama taa ya mafuta penye upepo. Kasoro hiyo huipata fyuzi ikiwa haina habari, maana dekki ilikuwa na njia yake ya umeme, na amplifaya ilikuwa ikikuza kwa uaminifu kile ilicholetewa.

Ujumbe uliokwenda Maskati safari hii ulitaka vitu vitatu: mkanda wa mpira wa kipimo kilichoandikwa na fundi, gurudumu dogo la kubana kanda, na chupa ya spiriti ya kusafishia hedi. Vilipofika, gharama ya vyote haikufika sehemu ya kumi ya bei ya fyuzi moja. Fundi alivifunga kwa mchana mmoja, akarekebisha kasi ya mota kwa kaseti ya majaribio yenye mlio wa hezi 3,000, na kabla ya jambo lolote jingine akainakili kaseti ya harusi katika kompyuta, kwa sababu kanda ya mwaka 1979 haiahidi mtu kitu.

Jioni yake Maalim alimwita dada yake mkubwa kutoka Mkunazini. Walisikiliza milango imefungwa, mjukuu kakaa sakafuni. Ubeti wa kwanza ulipokwisha dada mtu alikuwa akitikisa kichwa na kufuta macho. Ubeti wa pili ulipoanza akainua mkono.

"Irudishe nyuma," akasema. Ikarudishwa. Akasikiliza tena, amefumba macho.

"Huyu anayeitikia si mama. Huyu ni shangazi."

Maalim alikuwa ameusikiliza ubeti ule kwa zaidi ya miaka thelathini. Akamwambia mjukuu airudishe mara ya tatu.